Maswali ya Wasomaji: Jina la Mwanafunzi na Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Barua nne tunazozijibu katika toleo hili zimetoka Bweyale, Moroto, Kampala na Kyegegwa. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanahangaishwa na jambo moja: namna kabila, lugha, dini, jinsia na malezi ya mwalimu mwenyewe yanavyoingia katika ufundishaji wake, hata pale anapoamini kwamba ameyaacha nje ya mlango wa darasa. Tumezifupisha barua hizo na kuondoa majina ya waandishi na ya shule zao.

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam nyingi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kiryandongo. Kwetu ni Tororo, na hapa ninafundisha darasa lenye Waacholi, Walango, Wanyoro, Waaluri, pamoja na watoto wa wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Congo. Muhula uliopita mzazi mmoja alifika ofisini kwa mwalimu mkuu akalalamika kwamba katika alama za kazi za mradi niliwapendelea "wenzangu wa Kiswahili". Niliudhika sana, kwa sababu mimi darasani sioni kabila wala lugha ya mtu. Ninaona wanafunzi tu. Hata hivyo, nilipolifungua daftari la alama niliona kwamba karibu wanafunzi wote wa juu wanatoka katika nyumba zinazozungumza Kiswahili. Je, hilo ni kosa langu? Na mwalimu atajuaje kwamba anapendelea, ikiwa hakusudii kupendelea?
Mwalimu, Bweyale

JIBU: Ndugu Mwalimu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umelaumiwa, ukaudhika, kisha ukaenda kulifungua daftari. Tuanzie hapo. Kauli kwamba huoni kabila wala lugha ya mtu hutamkwa kwa nia njema, na mara nyingi hutamkwa na walimu wema, lakini katika nchi yetu haiwezi kuwa kweli. Mwalimu anayeita majina siku ya kwanza ya muhula, akasoma Okello, Mugisha, Nakato, Wafula, Hadija, ameshajua, kabla mtoto hajaitika, kwao ni upande gani, pengine na dini yake, na kwa Nakato hata kwamba alizaliwa pacha. Maarifa hayo hayafutiki kwa kuazimia. Linalowezekana ni kuyafuatilia, uone yanafanya kazi gani wakati unapoamua nani ajibu, nani asubiriwe, na nani apewe alama saba badala ya tano.

Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, rangi, asili, kabila, dini, hali yake ya kijamii au kiuchumi, maoni ya kisiasa au ulemavu, na hakuna mwalimu wa maana atakayeipinga. Lakini sheria hukamata uamuzi unaoonekana, kama vile kumnyima mtoto nafasi ya shule. Upendeleo wa darasani, kwa sehemu kubwa, hutendeka katika sekunde mbili tatu ambazo hakuna anayeziandika popote.

Mtazame mwalimu anayefundisha upatanisho wa kisarufi. Anamwita mwanafunzi anayemtarajia kujua. Mwanafunzi anasita. Mwalimu anamsogelea, analirudia swali kwa maneno mepesi zaidi, anaandika nusu ya sentensi ubaoni, "Vitabu vyetu vime...", anamwachia chaki amalizie, na mtoto anamaliza. Kisha anamwita mwingine, ambaye amezoea kumwona kimya kwenye dawati la nyuma. Naye anasita, pengine kwa muda ule ule. "Haya, kaa. Nani atamsaidia?" Mwalimu huyo akiulizwa jioni ataapa kwamba aliwauliza wote wawili swali moja, na atakuwa anasema kweli. Swali lilikuwa moja, lakini subira haikuwa moja, na mtoto wa pili ameondoka na somo ambalo halimo katika mtaala wowote.

Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyerekodi vipindi vingi vya sayansi katika shule za huko miaka ya 1960 na 1970, aligundua kwamba walimu kwa wastani walisubiri sekunde 1 hivi baada ya kuuliza swali kabla ya kumwita mwingine au kujijibu wenyewe, na kwamba wanafunzi waliodhaniwa hodari walisubiriwa zaidi kuliko waliodhaniwa dhaifu. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito walianza kuzungumza.

Sasa tuje kwenye alama, maana ndizo zilizomleta mzazi. Chini ya mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, tathmini ya shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, na mtihani wa UNEB, yaani Baraza la Taifa la Mitihani, asilimia 80. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Zamani, kwa masomo mengi, msahihishaji aliona namba ya mtahiniwa tu, na maoni ya mwalimu juu ya mtoto hayakufika kwenye cheti. Leo yanafika. Ninaiunga mkono tathmini ya shuleni kwa moyo wote, kwa sababu mtihani wa siku chache hauwezi kueleza kazi ya miaka minne. Lakini ni lazima tukubali kwamba imempa mwalimu mamlaka ambayo hakuwa nayo, na mzazi aliyekuja kuuliza mamlaka hayo yametumikaje alikuwa na haki ya kuuliza, hata kama maneno yake yalikuwa makali.

Huko India, wachumi Rema Hanna na Leigh Linden walifanya jaribio ambalo kila mwalimu wetu angefaa kulijua. Waliandaa mtihani wa mashindano kwa watoto, kisha wakawaajiri walimu kuzisahihisha karatasi. Kwenye jalada la kila karatasi iliandikwa tabaka la kuzaliwa (caste), jinsia na umri wa mtoto, lakini maelezo hayo yalikuwa yamegawanywa kwa bahati nasibu, si ya mtoto aliyeuandika mtihani ule. Karatasi zilizobandikwa tabaka la chini zilipata alama pungufu. Upungufu haukuwa mkubwa, lakini hakukuwa na kitu chochote katika majibu yenyewe cha kuueleza. Na katika matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2012, limo jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja: ubaguzi ulijitokeza zaidi katika karatasi zilizosahihishwa mwanzoni, wakati msahihishaji alikuwa hajajenga kipimo chake. Pale kipimo kinapoyumba, maelezo ya jaladani huamua.

Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kama wewe ni mbaguzi, jiulize kama kipimo cha mradi ule kilikuwa kimeandikwa kabla hujaishika kazi ya kwanza. Ikiwa mlipima ufasaha wa mazungumzo, watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani walistahili kufanya vizuri, na hilo si kosa lako. Lakini ikiwa mlipima uchunguzi, mpangilio wa hoja au ushirikiano wa kikundi, na alama zikaenda kwa watoto wenye lafudhi inayoelekea kufanana na yako, basi ulipima kitu kimoja ukaandika jina la kingine.

Kuna na jambo la historia ambalo mwalimu wa Kiswahili hapaswi kulisahau. Mtaala unakiweka Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, ingawa shule nyingi bado hazina walimu wa kutosha, na kuna watoto wa Kilango na wa Kiacholi wanaokisikia kwa mara ya kwanza darasani kwako. Baadhi yao hurudi jioni kwa wazee ambao wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani vya enzi za Idi Amin, kati ya 1971 na 1979. Mtoto wa nyumba hiyo anaweza kunyamaza kwa aibu, au kwa heshima kwa babu yake. Wewe, ambaye Kiswahili ni lugha yako na riziki yako, utashawishika kukiona kimya chake kama dharau au uvivu. Hapo ndipo malezi yako yanapomhukumu mtoto kabla wewe hujasema neno.

La kufanya ni hili. Mwombe mwalimu mwenzako, hasa asiyetoka upande wenu, akae nyuma ya darasa katika vipindi vichache akiwa na orodha ya majina, aweke alama kila unapomwita mtu, na alama nyingine kila unapomsaidia aliyekwama. Usimwambie akupe maoni; akupe orodha tu. Katika kusahihisha, andika vigezo na alama zake kabla ya kuanza, waambie wanafunzi waandike namba badala ya jina kwenye ukurasa wa kwanza, sahihisha swali la kwanza la darasa zima ndipo uende la pili, na ukimaliza urudie zile karatasi za mwanzo. Ninajua kwamba darasa la wanafunzi themanini halikuachii muda. Basi chagua karatasi kumi tu, badilishaneni na mwalimu wa mkondo mwingine, mlinganishe. Kwa mzazi, mwite, umwonyeshe vigezo vya mradi na kazi ya mwanawe kandokando. Ukiona huwezi kuvionyesha kwa sababu havikuandikwa, mwambie hivyo, na umwambie muhula huu vitaandikwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, nakusalimu. Mimi ni Mkaramoja, mwalimu wa darasa la pili hapa Moroto. Nilisoma shule ya bweni huko Mbale, ambako wenzangu walinicheka kwa jina langu na kwa namna nilivyotamka Kiingereza, na mwalimu mmoja alizoea kuniuliza mbele ya darasa kama ng'ombe nimemwachia nani. Nilivumilia, nikamaliza. Sasa walimu wenzangu waliotoka Teso na Busoga wananiambia kwamba ninawabana watoto wa Kikaramoja, hasa wasichana, kuliko wao wanavyowabana. Ninafanya hivyo kwa sababu ninajua dunia itakavyowapokea. Je, ninakosea?
Mwalimu, Moroto

JIBU: Dada Mwalimu, barua yako ndiyo iliyotushughulisha zaidi ya zote. Wengi hudhani kwamba dawa ya upendeleo ni kumpa mtoto mwalimu wa kabila lake. Walimu wa shule za msingi za serikali huajiriwa na tume za utumishi za wilaya, kwa hiyo katika wilaya nyingi mtoto hufundishwa na watu wa kwao tangu darasa la kwanza. Na bado yule wa nyumba maskini, au yule wa ukoo unaodharauliwa, huachwa nyuma na watu wa kwao hao hao. Katika lile jaribio la India nililolieleza kwa mwalimu wa Bweyale, ubaguzi dhidi ya watoto wa tabaka la chini ulitokana hasa na wasahihishaji ambao wenyewe walikuwa wa tabaka la chini. Wasomaji wengi hushangazwa na matokeo hayo. Wewe nadhani hayakushangazi. Mtu aliyevuka kwa taabu huanza kuamini kwamba taabu ndiyo iliyomvusha, na huwadai wanaomfuata wailipe nauli ile ile.

Tukizungumzia utambulisho wa mwalimu tunataja kabila, dini, jinsia na lugha, na ni sawa. Lakini upo mmoja ambao walimu wote wanao na hautajwi: kila mwalimu ni mwanafunzi aliyefaulu. Wengi walioanza naye darasa la kwanza hawakumaliza. Yeye alimaliza, akaenda chuo, akarudi na chaki. Kwa hiyo ana imani na njia iliyomfikisha, na kila kitu alichokutana nacho njiani hukiona kuwa sehemu ya mafanikio yake, hata kile kilichomuumiza bure. Ndiyo maana, ingawa Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, bado katika ofisi za walimu utamsikia mtu mzima akisema kwa unyofu kabisa kwamba "sisi tulichapwa na tukawa watu". Waliochapwa na wasiwe watu hawamo ofisini kumjibu.

Ndivyo ilivyo na lugha. Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa ya chini unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, darasa la nne liwe la kuvukia Kiingereza, na Ngakarimojong, lugha ya Wakaramoja, imo miongoni mwa lugha zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo ziko shule ambako mtoto anayesema lugha ya mama yake bado huvishwa kipande cha mbao au mfupa shingoni, naye ataondokana nacho pale tu atakapomkamata mwenzake akitenda kosa lile lile. Anayekivisha kipande hicho mara nyingi ni mtu aliyelia alipovishwa. Hana chuki na lugha yake. Anaamini kwa dhati kwamba Kiingereza alichonacho kilitokana na aibu ile, wakati huenda alikipata licha yake.

Kuhusu matarajio, tunao ushahidi wa zamani unaostahili kutajwa kwa uangalifu. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio katika shule moja ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba kipimo kimeonyesha kuwa baadhi ya wanafunzi, kama mmoja kati ya watano, wangechanua mwaka ule. Ukweli ni kwamba majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka watoto hao walikuwa wamepanda zaidi ya wenzao, na tofauti ilionekana hasa katika darasa la kwanza na la pili. Watafiti wamebishana tangu siku hizo kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na wengi wanauona kuwa mdogo kuliko ulivyotangazwa mwanzoni. Lakini wewe unafundisha darasa la pili, umri ambao mtoto hana bado kipimo chake mwenyewe, na humsoma mwalimu usoni ili ajue yeye ni nani.

Je, unakosea? Kuwadai watoto kazi nzuri si kosa, na nisingependa kabisa uache. Naomba utenganishe kudai na kushuku. Ukimwambia msichana, "Rudia, najua unaweza, nami nitakuja kuiona kabla ya kengele," umembana. Ukimwambia, "Rudia, la sivyo huko Mbale watakucheka," umembana pia, lakini umemkabidhi dhihaka uliyotupiwa wewe, tena kwa lugha yake, kutoka kinywani mwa mtu wa kwao, ambako hana pa kuikimbilia. Mtoto wa miaka minane huijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi.

Nina neno pia kwa wenzako wa Teso na Busoga, na ukipenda uwasomee. Upole wao nao uchunguzwe. Mwalimu mgeni anayempokea mtoto wa Karamoja kwa tabasamu, asimkatalie kazi mbovu, ampe tiki kwa kuwa amejitahidi kufika shuleni, huenda anampenda kweli, lakini huenda pia ameshaamua kwamba huyu hataenda mbali. Matarajio madogo yaliyofunikwa kwa huruma ni magumu kuyagundua kuliko ukali, kwa sababu hakuna mzazi anayekuja ofisini kuyalalamikia. Kaeni pamoja na madaftari ya watoto watano, wewe na wao, muulizane kazi hii ingepokelewaje kama ingekuwa ya mtoto wa afisa wa wilaya.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mama wa binti aliye kidato cha nne hapa Kampala. Anapenda Fizikia na Hisabati. Mwalimu wake wa Hisabati alimwambia mbele ya wenzake kwamba "wasichana wa dini yenu huolewa mapema", kwa hiyo achague mchepuo mwepesi atakapoingia kidato cha tano. Sisi ni Waislamu. Binti amerudi nyumbani akisema Hisabati haimfai. Baba yake anataka kumhamisha shule. Tufanye nini?
Mama, Kampala

JIBU: Mama, pole sana, na umpe pole binti. Maneno hayo hayakubaliki, na una haki ya kuyapeleka kwa mwalimu mkuu na kwa bodi ya shule. Mwalimu huyo alimhukumu kwa jinsia na kwa dini kwa pamoja, na mtoto aliyepigwa pande mbili hivyo hajui ajitetee kwa upande upi.

Athari ya maneno ya namna hiyo imepimwa. Mchumi Michela Carlana alipima dhana za walimu wa Hisabati nchini Italia kuhusu wasichana na wavulana, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2019 yalionyesha kwamba wasichana waliofundishwa na walimu wenye dhana nzito zaidi walirudi nyuma katika Hisabati, walipoteza imani na uwezo wao, na walielekea kuchagua shule za sekondari zisizodai mengi, wakifuata ushauri wa walimu hao hao. Wavulana wa madarasa hayo hawakuathirika. Binti yako anaposema Hisabati haimfai, anarudia sauti ya mtu mwingine, na kabla ya jambo lolote mchukulie madaftari yake ya muhula uliopita, mkae naye mezani, mzisome alama zake moja moja kwa sauti.

Kuhusu dini, mwalimu huyo amerithi jambo la zamani ambalo pengine halijui. Elimu ya shule katika nchi hii ilijengwa na wamisionari, Waprotestanti waliofika mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, na kwa miaka mingi familia za Kiislamu ziliogopa kuwapeleka watoto katika shule ambako wangeweza kubadilishwa dini. Kubaki kwao nyuma kulitokana na woga huo na uhaba wa shule zao, na jitihada za Waislamu wenyewe kujenga shule zilipata nguvu katika miaka ya 1940. Anayeyatazama matokeo ya historia hiyo na kuyaita tabia ya wasichana Waislamu anasababisha yaendelee. Nchi yenyewe imekiri kwamba milango haikuwa sawa: mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili.

Kumhamisha shule mtihani ukiwa karibu ni hasara kwake, si kwa mwalimu. Ningemshauri Baba aende shuleni pamoja nawe, kwa utulivu, mkiwa na madaftari mikononi, mwombe kuonana na mwalimu huyo mbele ya mwalimu mkuu, na mmuulize swali moja: ni kazi ipi katika hizi inayoonyesha kwamba binti hawezi? Mwache ajibu. Mwalimu aliyezoea kusema ovyo hubadilika mara nyingine kwa kuonyeshwa tu alichokuwa akikitenda. Utafiti mwingine wa huko Italia ulionyesha kwamba walimu walioambiwa matokeo ya kipimo cha dhana zao kuhusu wahamiaji kabla ya kutoa alama za muhula waliwapa watoto wa wahamiaji alama za juu kuliko walimu ambao hawakuambiwa. Akikataa kusikia, lifikisheni kwa maandishi kwenye bodi, na mchepuo uchaguliwe nyumbani kwa kufuata alama, si kwa kufuata maneno yake.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaongoza shule ya msingi karibu na makazi ya wakimbizi ya Kyaka II. Watoto wengi ni wa Congo. Walimu wangu husema watoto hao ni wakaidi na wazito. Nimefikiria kuwapanga walimu kwa kabila na lugha, kila mmoja afundishe "watu wake". Unashauri nini?
Mwalimu Mkuu, Kyegegwa

JIBU: Mzee, ninakusihi usifanye hivyo. Utawafundisha watoto wote kwamba mtu hueleweka na watu wake tu, na walimu wako hawatawajua kamwe watoto wa wengine. Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, shule kama yako ni ya kawaida sasa, na mwalimu asiyeweza kufundisha darasa mchanganyiko atakosa pa kufundisha.

Msaada wa lugha ni jambo jingine, na unahitajika. Ukiweza kupata wasaidizi wa darasa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, wawekwe katika madarasa ya chini wakae pamoja na mwalimu, si badala yake. Walimu wako wajue pia kwamba mvulana wa miaka kumi na minne anayeketi darasa la tatu, ambaye Congo alisoma kwa Kifaransa na nyumbani husema Kiswahili, akiulizwa kwa Kiingereza atakawia. Huko kukawia ndiko wanakokuita uzito. Na ukaidi wanaousema, waulize wautaje kwa tendo: nani alifanya nini, siku gani. Malalamiko mengi yatapungua mezani pako wiki hiyo hiyo.

Anza na jambo lililo ndani ya uwezo wako bila kusubiri wilaya. Chukua orodha ya viranja wa madarasa yote na uandike kando ya kila jina mtoto alikozaliwa na aliyemteua. Ukikuta watoto wa Congo ndio wengi darasani lakini hawamo katika orodha hiyo, itisha kikao cha walimu, uwawekee orodha mezani, na uchaguzi wa viranja urudiwe kabla ya katikati ya muhula.